Sauti Iliyobanwa Haifunguki

Njoro, Moshi
Alasiri, ukiwa umepanda kwa bibi yako

Manka mwanangu,

Jana ulipokuwa unakunja nguo zako uliniuliza, "Baba, zile mashine nizibebe au niziache?" Nikanyamaza. Ukasubiri kidogo, kisha ukatoka kwenda kuanua nguo kambani. Najua ulidhani sikusikia. Safari hii nilisikia, mama. Nilinyamaza kwa sababu jibu lake ni refu, na siku hizi siwezi mazungumzo marefu. Nikizungumza na wewe lazima nikutazame midomo ndipo nishike unachosema, na nikikutazama usoni namwona mama yako, basi maneno yananiishia hapo hapo.

Jibu fupi ni hili: ziache. Nenda Mwanza kwenye kazi ya studio na kompyuta yako na programu zako. Jibu refu ndilo ninaloliandika sasa, nimekaa kwenye chumba chetu cha kurekodia, taa nimewasha ingawa ni mchana, maana ukungu umekaa juu ya mji tangu asubuhi na mlima hata sehemu yake moja haionekani. Utarudi kutoka Kilema na ndizi za bibi na maneno ya bibi, utakuwa umechoka, na kesho alfajiri utaondoka. Barua nitaitia kwenye mfuko wa kompyuta. Uisome ukishavuka Singida huko, pasipo mtu wa kukuuliza unalia nini.

Habari za basi, za sweta, za kuangalia watu wa stendi, sitaziandika. Shangazi yako amekuhubiria wiki nzima, na ulikuwa na subira kuliko mimi.

Zile mashine mbili, kompresa na ikwalaiza, nilizitoa Arusha kwa mtu aliyekuwa anafunga studio yake. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Nilizileta nimezipakata kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, mama yako akacheka, akasema, "Leo umeoa mke wa pili." Ukawa unakuja hapa jioni unauliza kila kitufe kinafanya nini, nami nikakuambia kompresa ni mkono: sauti ikipanda sana inaibana, ikishuka inaiinua, hata yote ikae kimo kimoja. Ikwalaiza inaongeza au kupunguza, upande wa besi na upande wa zile sauti nyembamba. Ukauliza, "Sasa ikibanwa inaumia?" Nilicheka. Nilikujibu kwamba sauti haiumii.

Kabla ya hapo, wewe hujazaliwa, nilikuwa fundi wa spika kwenye harusi na misiba. Nilisimama mbele ya masanduku makubwa kuliko kabati, kuanzia asubuhi mpaka watu wanatawanyika. Kijana akiziba masikio tulimwona laini. Nikirudi nyumbani kichwani kulikuwa na mluzi, mwembamba, usiokatika. Mama yako akizungumza nami nilimwona anafungua mdomo. Nikilala, asubuhi umekwisha. Niliamini kwamba kama mluzi umekwisha basi na ubaya wake umekwisha. Kumbe kila ulipoondoka ulibeba kitu.

Baadaye ndipo nikafungua studio hii, godoro ukutani, pazia zito dirishani, na kungoja jirani yetu seremala azime msumeno ndipo turekodi. Walikuja wanakwaya, wakaja vijana wa bongo fleva. Hao vijana wote walikuwa na lalamiko moja. "Mzee, wimbo wangu ukipigwa baada ya wa Dar unaonekana mtoto." Basi nikabana. Nikabana mpaka wimbo wote ukawa ukuta, hakuna pa juu wala pa chini, wao wakafurahi, wakaleta na wenzao. Sikujiuliza kwa nini nyimbo zile sikupenda kuzisikiliza mwenyewe.

Halafu ukarudi likizo kutoka chuo na kompyuta, ukanionyesha kompresa iliyochorwa kwenye kioo, na vitufe vyake, na hata kisindano chake kinachotikisika. Nilikuambia, "Hiyo ni picha ya ugali. Haishibishi." Hukukasirika. Ulisema, "Lakini Baba, mimi nikikosea hapa narudi nyuma. Ya kwako ikikosea imekosea." Nikasema anayejua kazi hahitaji kurudi nyuma. Nayakumbuka maneno hayo vizuri, nilivyoyasema kwa majivuno, na chai mkononi.

Sasa nikuambie ya mama yako. Mengine unayajua, mengine yalitokea ulipokuwa chuoni.

Miaka yote hakutaka kurekodiwa. Aliimba akisonga ugali, aliimba akisahihisha madaftari ya watoto wa shule, nikimwambia aingie chumbani mara moja tu alinijibu, "Mimi naimbia sufuria." Ni pumzi ilipoanza kumsumbua ndipo yeye mwenyewe alikuja. Alisimama mlangoni pale, akashika fremu, akapumua kidogo. Akasema, "Baba Manka, zile nyimbo zangu tuziweke. Bado naziweza."

Tulizirekodi wakati wa masika. Mvua ikipiga bati tulikaa tukanywa chai, ikikatika tulirekodi. Nyimbo zake alizitunga mwenyewe, za Kichagga na za Kiswahili, nyingine hata mimi nilikuwa sijawahi kuzisikia. Alikuwa na kawaida moja: ubeti wa mwisho aliuimba chini kabisa, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyekaribia kusinzia. Mimi nikiwa nimevaa hedfoni, alipofika pale sauti ilinipotea. Nikiangalia kipimo cha sauti, naona taa zake zinacheza kidogo, lakini masikioni hakuna maneno, ni mvumo tu.

Nilidhani ni mapafu. Nilidhani mke wangu anakwisha pale mbele yangu, na sauti inamtangulia. Nikaunganisha maikrofoni kwenye kompresa moja kwa moja, ili sauti ibanwe na kuinuliwa kabla haijaingia kwenye kompyuta. Fundi mwenye akili hafanyi hivyo. Anarekodi sauti kavu ilivyo, vikolezo anavitia baadaye. Nami nilikuwa nimekufundisha hivyo hivyo. Lakini nilitaka ile mashine impe nguvu ambayo mwili ulimnyima. Sikuwa fundi siku ile. Nilikuwa mume.

Nilipomsikilizisha, alivua hedfoni, akaziweka mezani taratibu.

"Mbona umenibana?" akasema. "Nikiimba chini nimekusudia."

"Husikiki, Mama Manka. Ubeti wa mwisho wote hausikiki."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nilifikiri ameumia kwa sababu nimemwambia ukweli juu ya afya yake. Kisha akasema, "Basi. Fanya unavyosikia wewe."

Tukarekodi hivyo zilizobaki zote, isipokuwa mmoja. Siku ya mwisho umeme ulikuwa mdogo, taa zimekuwa nyekundu, na kompresa ikawa inavuma kama nyuki ndani ya debe. Tukaichomoa. Nilimwambia tungoje siku nyingine umeme utengemae, akasema, "Niwekee hivyo hivyo, leo nina pumzi." Akaimba ule wa "Usisimame mlangoni, mwanangu, ingia." Akaimba wote mara moja, bila kurudia, akaniomba maji, akaenda kulala.

Hukuwahi kuimba naye ule wimbo. Ulikuwa umetoka chuo wiki ileile alipolazwa.

Ya msiba siyasemi.

Ilipokaribia misa ya kumbukumbu ya mwaka, nilisema nyimbo zake zimaliziwe, zipigwe pale nyumbani Kilema, ndugu wamsikie. Ukaomba uifanye wewe kazi hiyo. Nikakataa. Nilisema mke wangu hatapitishwa kwenye picha ya ugali. Nikajifungia humu na mashine zangu, nikawa napitisha kila wimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho, maana mashine hizi hazikimbizi. Wimbo wa dakika nne ni dakika nne, na ukikosea unaanza upya. Nikaona sauti yake ina giza. Kama amefunikwa blanketi. Nikashika kitufe cha sauti nyembamba nikapandisha. Bado. Nikapandisha tena. Mpaka nikamsikia. Manka, nilipomsikia nililia. Nilijiambia, nimemtoa kaburini.

Ukaja, ukasikiliza ukiwa umesimama. Niliona unakunja uso.

"Baba, hiyo 's' inachoma."

"Inachoma nini?"

"Inachoma masikio. 'Usisimame' inaingia kama sindano. Punguza huko juu, Baba, tafadhali."

"Umezoea kompyuta, kila kitu laini laini. Huu ndio uhai wa sauti."

"Siyo mambo ya kompyuta."

"Ni mambo ya nini basi?"

Ukatoka. Nilikwenda kulala nikijua nimeshinda. Kwa mwezi mzima tuligombana habari ya mashine na programu, mimi na wewe, mezani, uani, hata njiani kutoka kanisani, na kumbe wewe hukuwa unagombana habari hiyo hata kidogo.

Ile siku unaikumbuka. Turubai kwenye migomba, watu wamemaliza misa wamekaa, machalari ya ndizi na nyama yapo jikoni, pombe ya mbege inazunguka. Kaburi lake limesakafiwa vizuri, mimea ya masale imelizunguka pande zote. Nikasimama na flashi mkononi, nikasema maneno machache, nikampa kijana wa spika tuliyemkodi.

Mama yako alipoanza kuimba watu walitulia. Nilikuwa nimefumba macho. Sikuona jinsi walivyoanza kusogea. Nilipofumbua, mtoto wa jirani analia, mama yake anamziba masikio kwa kanga. Wazee waliokuwa karibu na spika wamehama viti. Shangazi yako ameinama. Na bibi yako, ambaye hajawahi kunidharau mbele za watu, alikuwa anakuja kwangu na fimbo yake, mkono mmoja sikioni.

"Zima, mwanangu."

"Mama, ni nyimbo zake..."

"Zima. Anayelia kama bati linalokwaruzwa si mkeo. Mkeo hakuwahi kutuumiza."

Nikamgeukia kijana wa spika, nikamwambia spika zake mbovu. Alinijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee, spika ni nzima. Ndivyo wimbo ulivyo." Nikampandishia sauti. Nilisema maneno ambayo siku ya kaburi la mke wangu sikupaswa kuyasema. Ndipo ulipokuja ukanishika mkono juu ya kiwiko, ukaniongoza nyuma ya nyumba, kwenye banda la ng'ombe, ukanisimamisha nikutazame.

"Baba, nikikuita nikiwa nyuma yako hugeuki."

Nikasema huwa nina mawazo.

"Mwaka juzi ulisema nyenje wameisha Njoro, tangu mikaratusi ikatwe. Unakumbuka? Tulikuwa barazani. Baba, walikuwa wanalia mpaka mama anapaza sauti ili tusikilizane. Hata leo wapo."

Nilitaka kukasirika. Nikatafuta hasira, sikuipata. Nikakuuliza kama mama yako alijua.

"Mama ndiye aliyeniambia mimi. Alisema nisikwambie. Alisema masikio ndiyo kazi yako, ukiambiwa utakufa moyo. Alisema atakuambia mwenyewe, akipata siku nzuri."

Hakuipata hiyo siku.

Pale bandani, huku ng'ombe akitafuna majani kana kwamba hakuna kilichotokea, nilielewa kwa nini alinitazama vile aliponiambia nifanye ninavyosikia. Alikuwa anaimba chini kama alivyoimba siku zote. Pumzi yake ilikuwa na tabu, ndiyo, lakini sauti ilikuwepo. Ni mimi niliyekuwa nimepungua. Nikamwambia mgonjwa hasikiki, naye akachagua kubanwa kuliko kuniambia kwamba kiziwi ni mimi. Hili nimelibeba tangu siku ile, na sijapata mahali pa kulitua.

Hospitalini ulinipeleka wewe, ukakaa nje kwenye benchi, kwa hiyo ya ndani hukuyaona. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Aliniweka kwenye kijichumba kidogo chenye mlango mzito, akanivisha hedfoni, akanipa kitufe. "Kila ukisikia mlio, hata mdogo, bonyeza." Nilisikia ya besi nikabonyeza. Nilisikia ya katikati nikabonyeza. Kisha akanyamaza. Nikakaa na kidole juu ya kitufe, namwangalia kupitia kioo, nangoja aanze sehemu nyingine. Nilitulia kama mtoto anayetaka kufaulu. Mwishowe akafungua mlango, akanivua hedfoni. Nikamuuliza mbona hakuendelea.

"Nimemaliza, baba," akasema.

Alinichorea mstari kwenye karatasi. Ulianza vizuri kushoto, ukaenda, ukaenda, halafu ukaporomoka kama njia inayoshuka mtoni. Akasema kilichokwenda hakirudi, tutunze kilichobaki. Kile kifaa cha sikioni alichonipa kinanisaidia kuongea na watu. Muziki kinauleta kama redio ya jirani.

Unajua nilivyohangaika baada ya pale. Nilihamia upande wako ghafla, nikawa mtu wa kompyuta kuliko wewe, kwa sababu programu zinaonyesha sauti kwa mchoro, na macho yangu ni mazima. Nikajiambia kumbe mtu anaweza kufanya kazi hii akiwa haisikii. Ile kwaya ya akina mama niliifanya hivyo. Niliutengeneza mchoro ukawa mzuri, umelala sawa, hakuna panapochomoza. Mwalimu wao akasikiliza hapa hapa, mikono kifuani. Akasema, "Mzee, kazi nzuri. Ila kwaya yangu imekwenda wapi?" Nilikata mlio kila mchoro uliponiambia, na akina mama wote wakaondoka na ile milio, wakabaki watu wanaotamka maneno kwa mpangilio.

Kwa hiyo nisikudanganye kwamba mashine ndiyo mbaya na kompyuta ndiyo nzuri. Mashine yangu ilinitii, nami nilikuwa sisikii. Kompyuta ilinitii vilevile. Hakuna hata moja iliyonishika mkono juu ya kiwiko ikanipeleka nyuma ya nyumba.

Ila kuna tofauti moja, na ndiyo inayonifanya nikwambie uende na hiyo yako. Tulipokaa mimi na wewe kujaribu kuzifungua zile nyimbo nyingine, zilizobanwa, ulikesha nazo siku ngapi, ukajaribu kila programu uliyokuwa nayo na nyingine ukaazima. Mimi nilikaa nyuma yako nikiangalia mabega yako. Kisha ukageuza kiti, ukaongea polepole ili nisome midomo. "Baba, kilichobanwa kabla ya kuingia, humu ndani hakipo. Siwezi kukirudisha kitu ambacho hakikuingia." Ubeti wake wa mwisho, katika kila wimbo, una kimo kilekile na ubeti wa kwanza. Ule uchini wake haupo popote duniani. Sauti iliyobanwa haifunguki, na mkono uliobana ni huu ninaoandikia.

Wewe ukikosea, rudi nyuma. Usione aibu kurudi nyuma. Mimi niliona ni aibu, na sasa sina pa kurudi.

Utakutana huko na watu wenye mashine kubwa kuliko zangu, nzuri kweli, zenye joto la sauti ambalo kompyuta bado inaliigiza tu. Ukipenda uzitumie, zitumie. Sauti kavu ikiwa imehifadhiwa pembeni, hakuna kitakachopotea. Hizi zangu nakukataza kwa sababu nakujua. Ukizibeba utakuwa unazitumia ili nisijisikie vibaya. Utapitisha wimbo wa mtu kwenye kompresa ya baba yako kwa heshima ya baba yako, na huyo mtu atakuwa amekuja kwako na ubeti wake wa chini. Zikae hapa. Huwa naziwasha wakati mwingine, naweka kiganja juu ya bati nasikia joto. Hiyo inanitosha.

Na mtu akikuambia umenibana, Manka, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa hajui jina la kitufe kimoja, vua hedfoni umwulize anamaanisha nini. Mimi sikuuliza. Ningeuliza, huenda angepata ile siku yake nzuri ya kuniambia.

Masikio yako usiyafanyie ujana. Basi, hilo nalo nimekuhubiria kama shangazi. Nisamehe.

Limebaki la ule wimbo mmoja usiobanwa, ule wa mlangoni. Uliumaliza tangu Machi, ukaniwekea kwenye simu, ukaniambia, "Baba, usikilize uniambie kama tayari." Kila Jumapili unaniuliza kwa macho. Nami najifanya sijapata nafasi. Nimeusikiliza, mama. Nimeusikiliza na kifaa na bila kifaa, na spika ndogo na spika kubwa, nimeweka hata paji la uso kwenye sanduku la spika. Namsikia kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa. Najua ni yeye. Najua anapovuta pumzi, kwa sababu mvumo unakatika. Anapoingia kwenye ubeti wa mwisho, pale anaposhuka, kwangu kunakuwa kimya kabisa. Sijui umemwacha ashuke au umemwinua. Sijui kama "s" inachoma. Hukumu unayoingoja kutoka kwangu, mimi sina.

Juzi niliupeleka kwa bibi yako, sikukuambia. Nilimshikia simu karibu na sikio, pale jikoni kwake. Alisikiliza wote. Nilimtazama midomo, nikingoja aseme neno. Alichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaishika mwenyewe, akanionyesha kwa kidole niurudishe mwanzo.

Kwa hiyo usiningoje. Usiniletee nyimbo nizikague, huu wala nyingine yoyote utakayoitengeneza huko uendako. Ukifika Mwanza uutoe wimbo wa mama yako, uandike jina lake, na chini yake uandike lako, peke yake.

Baba yako